Kambare wa Deraya Hawakuwa wa Bahi

Simu ilinikuta Mpwapwa kwa mdogo wangu anayefundisha mambo ya mifugo, nikiwa nimekaa uani nachambua mchicha. Aliyepiga ni fundi cherehani jirani yangu wa mjini, na hakuzunguka: "Dada, mzee wa samaki ametutoka. Kaanguka dukani akibadilisha maji, hata hospitali hawakufika." Nikashukuru kwa taarifa, nikakata simu, nikaendelea na mchicha wangu. Mdogo wangu ndiye aliyeniona naweka majani kwenye takataka na mashina kwenye sufuria, akanishika mkono akaniuliza ni nani. Hakuwa ndugu yangu. Hakuwa hata rafiki kwa maana ya kutembeleana majumbani. Alikuwa mtu aliyekunywa chai yangu kila asubuhi kwa miaka mingi, na nimegundua kwamba watu wa namna hiyo tukiwapoteza hatuna hata neno la kuombea ruhusa ya kulia.

Wasomaji wangu wa siku nyingi mnajua kwamba kabla ya safu hii nilikuwa na mgahawa karibu na soko, na kabla ya mgahawa nilikuwa mwanafunzi aliyeacha shule kwa sababu wazazi walifuatana kaburini na mimi ndiye niliyekuwa mkubwa. Duka lake lilipakana na mgahawa wangu. Aliuza matangi ya vioo, vyakula vya samaki, na samaki wenyewe wa mapambo, biashara ambayo Dodoma yetu kame ilimcheka nayo tangu siku ya kwanza. "Maji ya kunywa tunayapangia foleni, wewe unawauzia samaki nyumba ya maji?" wateja wangu walimtania. Yeye alijibu, "Ndiyo maana wanalipa kuyaangalia." Kisha serikali ikahamia, maofisi na nyumba za wageni zikaota kila upande, na ghafla kila mapokezi yakataka tangi lenye taa na samaki wa rangi. Aliyemcheka akaja kuulizia bei.

Tangi la kioo lina adui mmoja, nao ni utando wa kijani unaoota kwenye kioo mpaka huoni kilicho ndani. Dawa yake ni samaki mmoja wa kahawia, mwenye madoa, asiye na uzuri wowote, ambaye hubandika mdomo kwenye kioo na kufyonza utando ule kutwa. Madukani wanamwita msafisha kioo. Mwagizaji wa Dar es Salaam alimletea marehemu boksi zima la wadogo wadogo wa jina hilo, akamwambia hawa hawakui, wanaishia urefu wa kidole. Naye akawauza kwa maneno hayohayo, kwa moyo mweupe. Hapakuwa na tangi mjini lililotoka kwake bila msafisha kioo ndani.

Siku moja, mwaka ambao mvua zilinyesha vizuri, tukiwa kwenye chai aliingia mama mmoja mwenye nyumba ya wageni. Alikuwa amechangamka. "Kaka, nipe msafisha mwingine, tena mdogo. Yule wako alikuwa jitu! Anang'oa majani, anagonga kioo usiku wageni wanadhani ni mwizi."

"Alikuwa?" marehemu akauliza. "Amekufa?"

"Afe wapi! Nimemlisha mwenyewe kwa mkono huu, nitamuua vipi? Nimempakia kwenye ndoo, nimepanda naye basi mpaka Bahi. Bwawa limejaa, kaka, bahari tupu. Nikasali kidogo, nikamwachia. Nimemrudisha kwao."

Tulicheka wote mgahawani, na yule mama akacheka zaidi. Marehemu hakucheka. Aliweka kikombe chini akauliza ni upande gani wa bwawa.

Katika wateja wangu alikuwapo binti mmoja afisa wa uvuvi, mtaratibu, aliyekuwa akila andazi kwenye kona. Yeye ndiye aliyemsogezea kiti marehemu na kumweleza jambo ambalo mimi nililisikia nikiwa nakanda unga. Alisema kambare ni kundi kubwa la samaki, limeenea karibu dunia nzima, na ndani yake mna familia nyingi, kama ukoo wenye milango. Kambare wetu wa Bahi ana ngozi tupu inayoteleza. Yule mfyonzaji ni wa familia nyingine kabisa: mwili wake umevikwa vibamba vya mfupa vilivyopangana kama vigae vya paa, deraya ya kutosha kuchana mkono wa mvuvi, na mdomo wake umegeuzwa chini kama kikombe kilichofunikwa. Nyumbani kwa familia hiyo ni Amerika ya Kusini na ya Kati, hakuna kwingine. Wako wanaoishi kwenye mito ya milimani, wanabandika mdomo kwenye jiwe ili maji yasiwachukue. Wako wa vijito vya msituni, chini ya magogo. Na wako wa mabonde ya mafuriko, yale yanayojaa na kukauka. Hao hupanda juu wakameza hewa wakapumua kwa tumbo, huchimba mashimo ukingoni, na dume hukaa shimoni akilinda mayai mpaka yaanguliwe.

"Wadogo wao hufanana sana, ndiyo maana sokoni wote wanapewa jina moja," binti akasema. "Tazama pezi la mgongoni, mzee. Wanaobaki kidole pezi lao ni fupi. La huyo wako lilikuwaje?"

Marehemu akafungua kiganja chake chote, kama feni.

"Basi hao ni wa mabondeni. Na wanaweza kuzidi mkono wako kutoka kiwiko. Bahi ni nini, mzee wangu, kama si bonde la mafuriko?"

Tangu siku hiyo alikuwa na kazi moja: bwawa la Bahi lisipate mwingine. Mmoja hazai peke yake, binti alimwambia, lakini kila aliyenunua msafisha kioo alikuwa na samaki wa boksi lilelile, anayekua kila mwezi, na mwenyewe mnunuzi ana moyo wa huruma. Hilo ndilo lililomtisha. Mji wetu una watu ambao hawawezi kuchinja kitu walichokilisha mlangoni, na bwawa liko karibu. Hasara ingetoka kwenye wema.

Niliwahi kufuatana naye Bahi, wakati wa kiangazi, maji yakiwa yamerudi nyuma na mpunga umevunwa. Alibeba mfukoni msafisha kioo mmoja aliyekufa akakaushwa juani, mgumu kama ubao. Tulipowafikia wavuvi waliokuwa wakishona nyavu, tulisalimia kwa mbukwenyi, salamu ya Kigogo, wakaitika, naye akamtoa samaki wake. Walimpokezana kwa mshangao. "Hiki si samaki, hiki ni kobe aliyekonda," akasema mmoja. Mwingine akauliza, "Mzee, unatafuta samaki mmoja bwawa zima hili? Ana jina tumwite?" Wakaangua kicheko. Marehemu akangoja kicheko kiishe, akasema taratibu kwamba samaki huyo akizoea maji haya atatoboa kingo mpaka zibomoke kwenye majaruba ya mpunga, atachana nyavu kwa miiba ya mapezi yake, na perege watamkimbia. "Mkimpata, msimrudishe majini. Mleni. Kwao huwa wanamchoma na deraya yake hivyohivyo." Kicheko kilikwisha. Mvuvi mzee kuliko wote alimgeuza yule mkavu mkononi, akasema, "Wavu wangu wenyewe umeshaoza. Huyu hapana." Tulitembea ukingoni mpaka jua likawa kali, yeye akiinama kila penye tundu, anaingiza mkono hadi begani, uso ameugeuzia pembeni kama mtu anayeogopa jibu. Alitoa kaa, alitoa matope. Hatukumwona.

Akaanza kuzunguka mjini kwa wateja wake, mapokezi kwa mapokezi, akiomba arudishiwe samaki wake na kutoa wengine badala yake. Wengine walimwona amechanganyikiwa. Alikusanya karibu wote, akawaweka nyumbani kwake kwenye tangi kubwa la plastiki lililokatwa juu, wakawa majitu meusi yaliyolala chini kama magogo. Nilimuuliza kwa nini asiwachome kama alivyowaambia watu wa Bahi. Akanitazama kama nimemtukana. "Dada, wamekosa nini? Mimi ndiye niliyewauza kwa jina lisilo lao." Ningeweza kusema zaidi, lakini ulikuwa mzigo wake, na niliona anaubeba vizuri.

Nimefikiri sana kuhusu jina hilo. Tunawaita watu, kama samaki, kwa kazi wanayotufanyia: dada wa kazi, mlinzi, mtu wa maji. Jina la kazi halituambii mtu ametoka maji gani, wala atakuwa mkubwa kiasi gani. Mimi nilipoacha shule niliitwa mlezi, na miaka ikapita kabla yeyote hajaniuliza kama ninapenda kusoma. Aliyeniuliza ni marehemu, akiwa ananyoosha gazeti lililofungiwa maandazi, na sisemi zaidi ya hapo kwa sababu nitashindwa kumaliza.

Nilirudi kutoka Mpwapwa nikawahi mazishi. Siku ya kuanua tanga nilikwenda kusaidia jikoni. Mvua zilikuwa zimeshika, uani ni tope, na wanandugu walikuwa wamelizunguka lile tangi. Mkwe wake, kijana mpole ambaye kwa siku zote za msiba hakuketi, alikuwa ameshaandaa ndoo.

"Bwawa limejaa," aliwaambia. "Mzee alikuwa anakwenda Bahi kila mara, alipapenda mno. Tukawaachie samaki wake kule, kwa jina lake."

Shangazi wa marehemu akaitikia, "Hiyo ni sadaka nzuri. Kiumbe asife kwa sababu bwana wake amekufa."

Nikasikia sauti yangu ikisema hapana. Ilikuwa kubwa kuliko nilivyotaka, na watu wakageuka.

"Samahani, mama," shangazi akasema, kwa heshima lakini kwa baridi. "Wewe ni nani wake?"

Swali lilikuwa la haki. Nikasema mimi ni jirani wa dukani, nilikuwa namuuzia chai. Nikaona macho yanaanza kuniacha yakirudi kwenye ndoo, na mkwe ameshakunja mikono ya shati. Hapo mjane, aliyekuwa ameketi mkekani, akauliza, "Kwani yeye alisemaje?" Nikamweleza yote, kuanzia boksi la mwagizaji mpaka matundu ya ukingoni. Alinisikiliza bila kunikatisha. Nilipomaliza hakunitazama mimi, alilitazama tangi.

"Aliwaambia wavuvi wa Bahi," akasema. "Akawaambia watu wa mahoteli. Akakwambia wewe. Mimi nawachemshia maboga hao samaki kila siku, hakuniambia. Nilikuwa nadhani anawapenda tu."

Mimi nilitamani ardhi inipokee, maana kila neno nililolijua juu ya mumewe lilikuwa sasa kama kitu nilichomnyang'anya. Mkwe alirudisha ndoo ukutani polepole. Shangazi akasema basi waendelee kufugwa, na mjane akauliza nani atawafuga, yeye anaondoka kwenda kwa mwanawe kule Haneti, na mpangaji atakayeingia humu naye atakuwa na huruma zake na nauli ya basi. Kisha akasimama, akajifunga kanga vizuri, akaomba kisu na makaa. Mkwe na mimi tulimsaidia. Deraya ilikuwa ngumu, kisu kiliteleza, na yeye alilia muda wote bila kuacha kufanya kazi. Tuliwachoma walivyo. Nyama ndani ilikuwa nyeupe, laini, ya kawaida kabisa. Wengi hawakugusa. Mjane alikula kipande chake akamaliza, akanawa, akasema, "Angeniambia, ningeifanya kazi hii yeye akiwa hai, na angelala usingizi."

Sentensi hiyo sijaitua. Namsikitikia marehemu kwa sababu alikuwa mwema, na alirekebisha kosa lake kwa miguu yake mwenyewe kila mahali isipokuwa pale alipovua viatu. Nadhani aliona aibu kumpelekea mkewe jambo lililoharibika, akataka alimalize kwanza nje. Baba yangu naye alikuwa hivyo. Alipofariki hatukujua lipi lilikuwa shamba letu na lipi alilima kwa hisani ya mtu. Wazee wa kijijini walijua, marafiki wa kilabuni walijua, watoto wake ndio tuliokuja kuulizwa na wenye shamba tukiwa na majembe mkononi. Wanaume wa rika lile walidhani kuinyamazia nyumba ni kuilinda.

Kwa hiyo ombi langu kwenu ni dogo na gumu. Lile unalolilinda nje, kawaambie watu unaolala nao chini ya paa moja, leo, likiwa bado na aibu yake na halijamalizika. Wao ndio watakaobaki na ndoo mkononi, wakikupenda, na wasipojua watakwenda kuimwaga palepale ulipotumia uhai wako kupalinda.