Mizunguko Kumi na Moja ya Boti ya Baba Mdogo

Enzi zetu safari ilikuwa na sababu. Mtu alikwenda Tukuyu kwa ajili ya hospitali, Kiwira kwa ajili ya soko, na kwa ndugu kwa ajili ya msiba. Ukikutwa njiani uliulizwa unakokwenda, na jibu lilitakiwa liwe na jina la mahali na jina la shida. Kwa hiyo ninyi mliozaliwa miaka yetu mtaelewa jinsi akili zetu zilivyosumbuka baba mdogo Ambakisye alipoleta boti ya injini kwenye ziwa lisilo na pa kwenda.

Naanza na ziwa lenyewe. Ni moja ya yale maziwa madogo ya kwetu Rungwe, yaliyotuama kwenye vinywa vya milima iliyowahi kuwaka moto. Jina sitalitaja, kwa sababu baadhi ya wahusika wako hai na wanajua kusoma. Ni la mviringo kama bakuli. Kingo zake ni miinuko mikali yenye msitu, na upande wa kijiji palikuwa na njia moja tu ya kuteremka, iliyoishia kwenye jiwe bapa walipochotea maji wanawake. Ukianzia kwenye jiwe lile ukafuata ukingo, utafika kwenye jiwe lile.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Sisi tuliozoea kufulia majani ya mpapai na kunywa chai isiyo na sukari tukaanza kuona sabuni za rangi tatu kwenye duka moja, tukasimama kuzitazama kama watu waliokuja kuaga. Mitumba ilifika. Mwalimu wetu wa hesabu alifundisha muhula mzima akiwa na koti zuri la kahawia, na ni mke wa mchungaji pekee aliyejua kwamba ni la kike, naye kwa upendo wa Kikristo akanyamaza. Watoto tulikuwa na michezo yetu ileile: rede, kombolela, na kuserereka kwenye magome ya migomba mteremkoni baada ya mvua. Kwa kuwa kwetu mvua haikatiki, tuliserereka karibu mwaka mzima, na makalio ya sare zetu yalishonwa viraka vya rangi zilizopatikana. Njaa ikituuma tuliokota parachichi chini ya mti. Hakuna aliyetuambia kwamba ni chakula cha matajiri.

Baba mdogo alikuwa akipeleka ndizi mpakani Kasumulu. Siku moja aliondoka akiwa amesema anakwenda kununua baiskeli, akarudi na kitu kizito kilichofungwa kwenye blanketi. Bibi alikizunguka mara mbili.

"Hii inasaga au inakoboa?"

"Haisagi wala haikoboi, mama. Inasukuma."

"Inasukuma nini?"

"Boti."

"Na boti iko wapi?"

"Hiyo bado."

Boti ilitengenezwa na fundi aliyetoka Matema, mtu wa Ziwa Nyasa. Alipoteremka kuona maji yetu aliuliza kwa adabu kama lile ndilo ziwa lote. Akaambiwa ndilo. Akatoa futi yake akaanza kupima mbao.

Jumapili ya kwanza kijiji kizima kilisimama juu ya ukingo. Baba mdogo, amevaa kofia ya mtumba yenye nanga mbele, alivuta kamba ya injini mara sita, ikanguruma, akazunguka polepole, akarudi kwenye jiwe. Mzunguko mmoja ulichukua dakika tisa kwa saa yake mwenyewe.

"Umekwenda wapi?" mzee mmoja akamuuliza.

"Nimetembea."

"Ndiyo, lakini wapi?"

"Nimetembea tu, baba. Kupunga upepo."

Babu yangu, aliyemzaa baba mdogo, alitikisa kichwa. "Hata ng'ombe aliyefungwa kamba huzunguka hivyo," alisema. "Ila yeye anakula."

Maneno hayo yalienea mpaka Mpuguso. Kwa miezi mitatu babu aliyarudia kila alipopata msikilizaji mpya, na kilichomuuma zaidi ni mbwa. Alikuwa na mbwa wa rangi ya udongo aitwaye Tutaona, jina alilompa kuwajibu majirani waliosema kwamba mtoto yule wa mbwa hatafika umri wa kubweka. Kazi yake ilikuwa kufukuza ndezi na ngedere shambani. Siku ya kwanza alipoiona boti aliruka ndani, akakaa mbele kabisa, pua kwenye upepo, masikio nyuma, na tangu hapo akaacha kazi. Ngedere walikula mahindi yetu wakimtazama akipita majini. "Nililea mbwa," babu akasema, "kumbe nalea mheshimiwa."

Sasa lazima nieleze jambo moja, kwa faida ya vijana kama wapo wanaosoma. Kwetu mkamwana, yaani mke wa mtoto wako wa kiume, hakutani na baba mkwe wake. Hamtazami, hamtaji jina, na akimwona anakuja njiani anaingia kwenye migomba na kujifunika kitenge mpaka apite. Haikuwa chuki. Ilikuwa heshima, na kuivunja ilikuwa aibu ya ukoo mzima: kikao cha wazee, kuku kuchinjwa, na mama mzazi wa binti kuletewa habari kabla hajamaliza kupika. Mimi, mjukuu wa kike, nilikuwa upande wa pili wa sheria hiyohiyo. Babu aliniita mke wake mdogo, akanitania na kunidai chai, nami nikamwita mume wangu mzee asiye na meno.

Mke wa baba mdogo, mama mdogo Tusajigwe, alikuwa ameolewa mwaka uleule. Watu walikuwa bado wanampima. Alitamani sana kupanda ile boti, na hakuweza, kwa kuwa babu alikuwa kila mahali. Basi Jumamosi moja babu akatangaza kwamba anakwenda Bulyaga kumwona dada yake na atarudi Jumatatu. Kesho yake tulisali ibada ya kwanza. Ya pili ilipoanza na kijiji kikawa kanisani, baba mdogo, mama mdogo, mbwa na mimi tukateremka ziwani. Kazi yangu ilikuwa kuchota maji yaliyoingia ndani ya boti kwa kopo la maziwa na kuyamwaga nje.

Mzunguko wa kwanza sitausahau. Maji yalikuwa ya kijani kibichi na yametulia, na mama mdogo, ambaye nyumbani alicheka kwa kuziba mdomo, alicheka mdomo wazi. Aliingiza mkono majini akauacha ukichora mstari. "Kumbe ndiyo maana mbwa haachi," alisema.

Kisha tukakata kona na kuliona jiwe. Juu yake alikuwa amesimama babu, na koti lake la kanisani, na mwavuli wake mkubwa mweusi umefungwa mkononi.

Baadaye tulielewa. Aliyeicheka boti kwa miezi mitatu alikuwa na hamu ya kuipanda, akatafuta saa ambayo hakuna wa kumwona ila mwanawe. Alikuwa amechagua saa ileile tuliyoichagua sisi, na kwa sababu ileile.

Mama mdogo alilala kwenye sakafu ya boti kabla sijamaliza kuvuta pumzi, kitenge mpaka kichwani, ndani ya maji niliyokuwa sijayamwaga. Tutaona, ambaye hakupenda kulowa, akapanda juu ya mgongo wake, akasimama hapo na kumpungia babu mkia.

"Ambakisye!" babu aliita. "Njoo hapa unichukue!"

Baba mdogo alinyanyua kofia, akatabasamu, akapita.

Angefanya nini? Mtoto hamwambii baba yake aondoke. Na kumtaja mkewe pale, hatua ishirini kutoka kwa mkwewe, kungekuwa sawa na kumwonyesha kwa kidole. Mahali pengine pa kushukia hapakuwepo. Tukazunguka. Mzunguko wa tatu babu alipunga mwavuli. Wa tano aliita, "Wewe, huoni mzee?" na baba mdogo akaonyesha masikio, kisha injini. Kila tulipofika mbali na jiwe mama mdogo aliuliza kutoka chini, "Bado yupo?" nami nikamjibu, "Yupo, na amekaa." Meno yake yalikuwa yakigongana.

"Nirudi nimwambie?" baba mdogo aliuliza.

"Ukithubutu, narudi kwetu leo hii," kitenge kikajibu.

Kwenye mzunguko wa saba ibada ya pili iliisha. Watu walisimama juu ya ukingo wakiwa na Biblia na vitabu vya nyimbo, wakaona boti inazunguka bila kusimama na mzee anapiga kelele. Wakafikia uamuzi wao.

"Imekatika breki!" mmoja alipaza sauti.

"Mwambieni azime!"

"Azime na nini? Hata baiskeli hajawahi kuwa nayo!"

Mwalimu wa hesabu, katika koti lake la kahawia, alieleza kwamba mafuta lazima yaishe. Katika yote yaliyosemwa siku ile, hilo pekee lilikuwa kweli. Katikati ya mzunguko wa kumi na moja injini ilikohoa ikanyamaza, na upepo wa mchana ukaanza kutusukuma polepole kuelekea kwenye jiwe.

Baba mdogo alishika kifuniko cha sufuria tuliyobebea ndizi akaanza kupiga makasia kurudi nyuma. Watu juu hawakuamini. Mtu ameokolewa, naye anaikimbia nchi kavu! Tulikuwa hatua thelathini, kisha ishirini na tano. Tutaona alichoka kusubiri, akasahau kwamba hapendi kulowa, akajitosa, akaogelea hadi kwa babu na kumkung'utia maji yote ya ziwa kwenye koti la kanisani. Ndani ya boti, pale mbwa alipokuwa amesimama, pakabaki kitenge, kimelowa, kinatetemeka.

Hapo ndipo nilipofanya jambo pekee la akili katika utoto wangu. Nilisimama nikapaza sauti: "Mume wangu! Nimelowa chepechepe, nataka kubadili nguo. Geuka huko!"

Babu alimtazama mbwa. Akamtazama mwanawe mwenye kifuniko cha sufuria. Kisha, bila haraka, akageuka kuelekea vichakani, akafungua mwavuli chini ya jua kali, akaushusha nyuma ya mabega mpaka hatukumwona kichwa.

"Chukua muda wako, mke wangu," alisema. "Mimi natazama ndege."

Juu ya ukingo wanawake walielewa kwanza. Wakawageuza wanaume wao kwa viwiko, na kijiji kizima, pamoja na mwalimu wa hesabu, kikatazama mbinguni. Boti ilipogusa jiwe, mama mdogo alipita nyuma ya mwavuli ule na kupanda njia kama ndezi. Hapakuwa na kikao. Hapakuwa na kuku. Hakuna aliyeona kitu.

Wiki iliyofuata babu alipanda boti, mchana, mbele za watu, akasema inatikisa figo. Pia akaweka utaratibu: mama mdogo akiwa majini, mbwa akae mbele, yeye babu akipanda, mbwa abaki kwenye jiwe. Tangu hapo Tutaona alikuwa ndiyo bendera yetu, akionekana toka juu ya ukingo. Ngedere tuliwasamehe.

Miaka mingi baadaye babu aliugua na hakuinuka tena kitandani. Wazee walisema mgonjwa hana mkwe, wakamruhusu mama mdogo amlishe uji. Nilikuwepo siku ya kwanza. Alikaa kwenye kigoda, macho chini, akanyoosha kijiko. Babu alimeza mara tatu, kisha akamwambia neno la kwanza katika maisha yao.

"Mwanangu, maji yalikuwa baridi?"

"Yalikuwa baridi, baba."

"Nilijua toka mzunguko wa pili. Mbwa yule hakuwa mrefu vile." Akameza tena. "Lakini ningeondoka vipi? Ungejua kwamba nimekuona."

Siku hizi mambo ni mepesi, na sisemi ni mabaya. Mkamwana na baba mkwe hukaa kochi moja, na wote wamo kwenye kundi la familia la simu, ambako vijana wetu hurusha picha zao wakiwa kwenye maboti ya maziwa ya watu, na mbwa waliovalishwa fulana. Wanatembea tu, na hakuna anayewauliza wanakwenda wapi. Nazitazama picha hizo zote, moja baada ya nyingine, nikijiuliza ni nani kati yao angelala kwenye maji kwa mizunguko kumi kwa ajili ya mwenzake, na ni nani angesimama juani na mwavuli, akatazama ndege ambao hawapo.