Akili za Bi Povu

Jina la Bi Povu alipewa na wauguzi. Kwa miaka mingi alifanya kazi katika chumba cha kufulia cha hospitali kubwa, chini kabisa, mahali ambapo mashine zilinguruma kutwa na mvuke ulitanda mpaka mtu haoni hata mkono wake. Kila alipopanda wodini kupeleka mashuka masafi, alikuwa na povu mahali fulani: mara kwenye nyusi, mara nyuma ya sikio. Jina likamganda. Alipostaafu, majirani nao wakalidaka wakalitumia kama vile alizaliwa nalo.

Alikuwa mjane wa siku nyingi. Watoto wake wawili aliwalea peke yake, kwa mashuka ya wagonjwa, kama alivyopenda kusema. Kifungua mimba alikuwa wa kiume, mwenye duka la matairi na tumbo linalomtangulia mlangoni. Kitinda mimba alikuwa binti, mwalimu wa chekechea. Wote walikuwa na familia zao. Bi Povu alibaki na nyumba yake ndogo, ua wake wa kuanikia nguo na redio, na kusema kweli redio ndiyo iliyokuwa ikimwongelesha zaidi kuliko watoto.

Ndipo alipotokea fundi miavuli.

Alikuwa mzee mwembamba, mjane mwenzake, mpole kama maji ya mtungini, aliyekaa kwenye kona karibu na duka la dawa akitengeneza miavuli, viatu na mikoba. Bi Povu alimpelekea mkoba uliokatika mkanda. Fundi akaushona, wakazungumza kidogo, Bi Povu akaenda zake. Wiki iliyofuata mkanda ukakatika tena, na safari hii, kama Bi Povu mwenyewe alivyokuja kukiri huku akicheka hadi machozi, ulikatika kwa mkasi.

Mkoba ule ulishonwa mpaka ukawa hauna pa kushonwa. Kisha fundi akaanza kuja nyumbani Jumapili kunywa chai. Alikuwa msikilizaji mzuri, na akicheka alicheka kwa mabega bila sauti, jambo lililomfanya Bi Povu atafute vichekesho wiki nzima. Jumapili moja fundi aliweka kikombe chini akasema, "Hivi mimi na wewe tunangoja nini?"

Bi Povu alikoroga chai yake. "Sijui," akasema. "Basi tusingoje."

Aliwaita watoto wake akawaambia. Binti alicheka, akalia, akacheka tena, akamkumbatia mama yake. Kaka mtu yeye alirudi nyuma kama aliyemwagiwa maji.

"Mama," alisema mwishowe, "kwa umri huo?"

"Umri gani? Ninao huu huu, mwanangu. Sina mwingine."

"Na mtu wa kwenye kona!"

"Ningempata wapi? Darini?"

Mwana akaondoka bila kuaga vizuri. Bi Povu alidhani atapoa. Hakupoa. Haukupita muda, mjumbe wa mahakama akabisha hodi na karatasi za wito. Mwanawe alikuwa amepeleka ombi la kufanywa msimamizi wa mama yake, kwa madai kwamba hana tena akili timamu. Sababu zilipangwa vizuri: alisahau sufuria jikoni mpaka pazia likashika moto, anacheka peke yake uani, amenunua viatu vyekundu vya visigino, na sasa anataka kuolewa. Tena aliomba ndoa hiyo isimamishwe.

Bi Povu alisoma mara ya kwanza, akaona hakuelewa. Akasoma tena, akaelewa vizuri mno. Si viatu vilivyomuumiza, wala kile kicheko cha uani. Ni ule mwandiko wa mwanawe chini ya karatasi. Aliketi kwenye ngazi ya mlango, akashika tama, na siku hiyo redio haikuwashwa.

Aliyemtoa pale ni shoga yake wa hospitali, muuguzi mstaafu mwenye mdomo usio na breki. Alizisoma karatasi, akavuta pumzi, akamtolea mwana maneno ambayo hayafai kuandikwa, kisha akasema, "Sasa jikaze kisabuni, wewe si ndiye Bi Povu? Mjini kuna kampuni ya mawakili. Kila wiki wana siku yao ya kuwasikiliza wazee, wajane, walemavu, watu wasio na mtetezi. Bure."

"Wakili, bure?"

"Bure. Na chai wanakupa."

"Basi hao mawakili ndio wa kupimwa akili," alisema Bi Povu. Lakini kesho yake alikwenda.

Ofisi ilikuwa juu katika jengo refu la vioo. Ukumbi wa kungojea ulikuwa na viti laini kiasi kwamba ukikaa hujui utainukaje. Palikuwa na kijana wa magongo, na mama mmoja mwenye mapacha waliokuwa wakishindana kulia. Bi Povu alimpokea pacha mmoja bila kuombwa, akambembeleza mpaka akalala, na jina lake lilipoitwa ilibidi kwanza amrudishe mtoto kwa mwenyewe.

Wakili aliyempokea alikuwa binti mrefu, mwenye suti ya kijivu, aliyekuwa akipekua meza yake kama aliyeibiwa.

"Karibu bibi, karibu ukae. Nisamehe, natafuta miwani yangu."

"Iko kichwani, mjukuu wangu."

Wakili akajipapasa nywele, akaishusha. "Asante. Usimwambie hakimu, la sivyo mimi ndiye nitakayetafutiwa msimamizi."

Bi Povu alicheka mpaka mkoba ukamponyoka magotini. Tangu alipopokea karatasi zile hakuwa amecheka, na alijisikia kama mtu aliyefungua dirisha.

Wakili alimweleza mambo yalivyo. Kazi yake ya kila siku ilikuwa mikataba ya kampuni za kusafirisha mizigo, lakini ofisi yao ilimtaka kila wakili atenge sehemu ya muda wake kwa watu wasioweza kulipa. "Wiki nzima nazungumza na makontena," alisema. "Siku hii ndiyo ninayozungumza na watu." Akazisoma karatasi kimya, akaziweka kando, akauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa amemuuliza Bi Povu tangu mambo yale yaanze.

"Bibi, wewe mwenyewe unataka nini?"

Bi Povu alitazama mikono yake. "Nataka kuolewa," alisema. "Na sitaki mwanangu aaibike mbele za watu."

"La kwanza tutalipigania. La pili lina ugumu wake, lakini tutajaribu. Sasa niambie habari za sufuria."

"Ametia chumvi tu."

"Bibi." Wakili alisogeza kiti mbele. "Mimi ni wako. Si wa mwanao, si wa hakimu. Lakini kama kuna kweli, niijue mimi kwanza, nisije nikabaki nimetoa macho pale mbele."

Bi Povu aliuweka mkoba wake chini. Kisha akasema yote. Pazia liliungua kweli. Anasahau majina. Siku nyingine husimama katikati ya chumba asijue alifuata nini. "Na ninaogopa," alisema, sauti ikishuka. "Mama yangu mwisho wake hakunijua. Aliniita muuza mkaa. Nikipata alichopata yeye, sijui itakuwaje."

Wakili hakusema 'usiogope'. Alisema, "Hilo nalo lina njia yake kisheria. Tutalizungumza. Kwanza tukamwone daktari."

Daktari, rafiki wa ofisi ile, naye alimpima bila malipo. Alimtaka ataje wanyama wengi kadiri awezavyo. Bi Povu alitaja mpaka akaingiza na wifi yake mmoja, daktari akaweka kalamu chini kucheka. Bi Povu alichora saa, akahesabu kurudi nyuma, akaeleza habari alizosikia redioni asubuhi. Daktari alimwambia ana usahaulifu wa umri wake, wa kuangaliwa kila mwaka, lakini akili zake ni timamu na maamuzi ni yake.

Siku ya shauri ikafika. Chumba cha mahakama kilikuwa kidogo, na feni ya darini ilizunguka kwa kulalamika. Mwana alikaa upande mmoja na wakili wake, suti ikimbana, jasho likimtoka. Fundi miavuli alikaa nyuma kabisa, kofia magotini. Binti hakujua akae wapi. Mwishowe akakaa katikati, peke yake, kama mpaka.

Mwana alieleza habari za sufuria na pazia, na alipofika kwenye viatu vyekundu sauti ilianza kumkauka. Wakili wa Bi Povu alisimama.

"Huyu fundi, umewahi kuketi naye ukazungumza naye?"

"Nizungumze naye nini?"

"Na mama yako je? Kabla ya kuleta ombi hili, ulimuuliza kwa nini anataka kuolewa?"

Mwana alitazama sakafu. "Hapana."

Wakili aliketi. Angeweza kuendelea, maana alikuwa na maswali mengine yenye makali, lakini alikumbuka alichoombwa.

Hakimu alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya taratibu. "Mama," alimwambia Bi Povu, "unajua kwa nini uko hapa leo?"

"Najua, mheshimiwa. Mwanangu anasema nimechanganyikiwa."

"Na wewe unasemaje?"

"Nasema nimependa. Dalili zinafanana."

Chumba kizima kiliangua kicheko. Karani alijificha nyuma ya faili, na huko nyuma mabega ya fundi yalikuwa yakitikisika kama mashine. Hakimu aligonga meza, lakini alichelewa kidogo kugonga.

"Na sufuria?"

"Hapo mwanangu hakusema uongo, mheshimiwa. Niliunguza. Siku hizi fundi amenifungia kengele jikoni, naitega nikibandika chungu. Inalia mpaka majirani wanajua nimepika."

"Viatu vyekundu?"

"Hivyo sina cha kujitetea. Ni vizuri tu."

Hakimu alisoma maelezo ya daktari, akaandika kwa muda, kisha akatoa uamuzi. Alisema kusahau sufuria si wazimu, na kucheka nyumbani kwako si ushahidi wa lolote. Mtu mzima mwenye akili timamu haombi ruhusa ya watoto wake ili aolewe. Ombi likatupwa. Shoga muuguzi alipiga kigelegele, akakaripiwa, akaomba radhi, akakimalizia nje.

Kwenye korido mwana alisimama dirishani peke yake, amewapa watu wote kisogo. Bi Povu alimwashiria wakili angoje, akamwendea.

"Mwanangu."

"Umeshinda, mama."

"Sikuja kushindana na wewe. Geuka nikuone."

Akageuka. Lile tumbo lote na suti yote, lakini uso ulikuwa wa mtoto aliyevunja sahani.

"Niliogopa," alisema. "Bibi alipoanza kusahau nilikuwa mdogo, lakini nilikuwa naona. Ulikuwa unakwenda kuanika nguo, unajificha nyuma ya shuka, unalia. Pazia lilipoungua nikasema, haya, yamerudi. Halafu ukaja na habari za ndoa. Nikaona mtu atakuchukua, na mimi sitakuwepo."

"Sasa kwa nini hukuniambia hivyo?"

"Ningesemaje?"

"Hivyo hivyo ulivyosema."

Walisimama pale, watu wakiwapita na mafaili yao. Bi Povu alitoa leso, akamfuta jasho usoni, naye akakubali, mzee mzima. Kisha akamwita wakili aeleze lile jambo walilokuwa wamelizungumza wawili. Wakili alieleza kwa maneno mepesi: mama anaweza kuandika mwenyewe, sasa hivi akiwa na akili zake, ni nani atakayemwamulia mambo siku madaktari watakaposema hawezi tena.

"Nimekuchagua wewe na dada yako," alisema Bi Povu. "Ulikuwa unaitaka kazi hiyo kwa mabavu. Mimi nakupa kwa hiari yangu. Lakini hiyo siku ifike kwanza. Mpaka hapo, jikoni ni kwangu na mume ni wangu."

Mwana aliinamisha kichwa kukubali. Binti aliyekuwa akisikiliza kando alianza kulia, na safari hii hakucheka katikati.

Bi Povu na fundi waliandikisha ndoa asubuhi moja, bila makuu. Wakili alikuja na wenzake wawili wa ofisini, akasema amewaleta wajifunze, ila wao walionekana kufuata keki. Mwana alitia sahihi kama shahidi. Hakumwita fundi baba, alimwita mzee, na fundi akaona hilo linamtosha kabisa.

Jumamosi yake mwana alileta gari la duka kumhamishia fundi vitu vyake. Havikuwa vingi: sanduku, kitanda, gunia la miavuli ya watu ambao hawakurudi, na mashine ya chuma ya kushonea viatu, nzito kama dhambi. Ile mashine haikuingia mlangoni. Wakaijaribu kwa ubavu, ikakataa. Wakaijaribu kinyumenyume, ikakwama, na mwana akakwama nayo. Bi Povu alisimama uani akitoa amri, "Inueni! Teremsheni! Wewe, vuta tumbo ndani!" na shoga yake muuguzi akitoa amri za kinyume.

Mwishowe fundi, aliyekuwa kimya muda wote, akasema kwa upole kwamba dirisha la mbele lina upana zaidi. Wakalitoa fremu. Mwana akawa nje akisukuma, fundi akawa ndani akivuta, mashine ikayumba kwenye kingo, ikaingia kwa kishindo kilichotikisa vikombe kabatini. Kisha mwana, amelala kifudifudi nusu ndani nusu nje ya dirisha la mama yake, akaanza kucheka, na huko ndani fundi naye akacheka kwa mabega yake, bila sauti.