Nduru Ukumbini

Mwalimu wetu wa drama alikuwa na ugonjwa mmoja: kila kitu alitaka kiwe cha kweli. Ukilia jukwaani, anataka machozi. Ukinywa chai, anataka tuone umeungua ulimi. Nilikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari, hapa Germantown, Marekani, na mtihani wetu wa mwisho ulikuwa kutunga igizo fupi na kulicheza peke yako mbele ya wazazi.

Mimi nilichagua mwanamke anayepigiwa simu akaambiwa mamake amekufa. Sikwenda mbali kumtafuta. Nyanya alikuwa amefariki nyumbani, magharibi mwa Kenya, na mama hakuweza kwenda kumzika kwa sababu makaratasi yake ya ukaazi yalikuwa bado hayajatoka. Mazishi tuliyatazama kwenye simu, picha ikikatikakatika, mama akiwa ameshavaa sare yake ya kutunzia wazee.

Hakulia. Kwetu kifo hakipokewi kimya. Mwanamke hutoka uani akapiga nduru, ile sauti kali ya msiba, na yeyote anayeisikia huacha alichokishika akaja mbio. Nilipomuuliza mama mbona hakulia, alinijibu huku akitafuta funguo za gari.

"Nilie wapi? Hii nyumba tume-share ukuta na watu. Nikipiga nduru hapa wataita polisi. Na nikienda kulia huko job, wale wazee wata-panic."

Basi akaenda kazini. Tangu siku hiyo akawa mtu mwingine. Alipika lakini hakula. Kanisani alichezesha midomo tu. Mara nyingi nilimkuta nje ya nyumba, ameketi ndani ya gari lililozimwa, mkoba mapajani, hashuki. Niliogopa sana. Niliamini kile kilio alichokimeza kingemmaliza, na kwa kuwa sikuwa na wa kumlaumu, niliuchukia ule ukuta. Siku moja niliupiga teke, nikaumia kidole.

Sitajifanya kwamba igizo nililitunga kwa ajili yake. Nilitaka alama nzuri, na nilitaka mahali pa kupigia kelele.

Lakini mazoezini sauti ilikataa. Nilitoa kitu kama mlio wa paka aliyekanyagwa mkia, wenzangu wakaziba midomo wasicheke, na mwalimu akawa ananiambia niongeze, niongeze, kama mtu anayeongeza chumvi kwenye mboga. Nyumbani nisingeweza kujaribu, tena mbele ya mama. Kwa hiyo nilipanda jukwaani siku ya maonyesho bila hakika kama nduru yangu ingetoka.

Mama alikuja na rafiki yake wa kazini, mama mmoja kutoka Bukavu, Kongo, wote wawili wakiwa bado na sare. Waliketi kando ya njia inayopita katikati ya viti. Mama hakujua igizo linahusu nini. Nilikuwa nimemwambia tu ni la shule.

Niliishika simu, nikasikiliza, nikaiweka chini. Kisha nikafungua kinywa, na ikatoka. Niliishi kule nyumbani Kenya hadi nikiwa na miaka tisa, na nduru zote nilizozisikia huko zilikuwa zimenisubiri.

Mama akasimama. Hakufikiri, nina hakika. Mkoba ulianguka, akaweka mikono kichwani, akaja upande wangu mbiombio, vile mtu anavyokimbilia boma lenye msiba. Hakufika. Katikati ya njia aliketi chini kwenye zulia, na nduru yake ikatoka. Yangu ilikuwa mchezo wa watoto.

"Uuuwi! Mama! Umeniacha na nani, mama?"

Mzee mmoja aliyesimamia mlango alikuja kumwinua. Yule mama wa Bukavu alimzuia kwa mkono.

"Mumuache! Iko analia mama yake!"

Mzee hakuelewa neno hata moja, ila alirudi nyuma. Nami nilisimama pale kwenye mwanga, nimesahau mtihani, nikisikia furaha ya ajabu na ya kutisha. Alikuwa analia. Hatimaye alikuwa analia, kwa sauti yote, na hakuna aliyeita polisi.

Ndipo mzazi mmoja alipoanza kupiga makofi. Akafuata mwingine, kisha safu nzima, kisha ukumbi wote ukasimama. Walidhani tumempanga awe sehemu ya igizo. Mwalimu alikuwa pembeni ya jukwaa, mkono kifuani, macho yamelowa, akiniashiria niiname kuwashukuru.

Sikuinama. Nilishuka, nikapiga magoti kwenye zulia, nikamshika mama kichwa na kukilaza kifuani pangu. Mwili wake wote ulikuwa unaruka. Makofi yalikuwa yakitunyeshea, mtu akapiga mluzi, na mama hakusikia chochote.

"Nyamazeni!" niliwapigia kelele. "Nyamazeni, amefiwa!"

Kwa hasira maneno yalinitoka kwa Kiswahili, nao wakazidi kupiga makofi.