Asali ya Mungu wa Jikoni

Mwaka ule nilikuwa nasaidia jikoni kwenye kambi ya wajenzi wa reli, nje kidogo ya Goweko. Mpishi mkuu alikuwa Mchina wa makamo, tukimwita Mzee. Kiswahili alikiokota kwenye ujenzi na kilimtosha. Juu ya jiko alibandika picha ya karatasi, babu mwenye ndevu na mashavu mekundu. Nikadhani ni babu yake. Kumbe ni mungu wa jiko.

Alinieleza tukimenya vitunguu saumu. Kwao, mbinguni kunaendeshwa kama serikali, kila mkubwa ana mkubwa wake, na huyu wa jikoni ni wa chini kabisa. Mwaka mzima anasikiliza watu wanavyosemezana. Mwaka mpya wa Kichina ukikaribia, anapanda juu kutoa ripoti.

"Basi huyo ni balozi wa nyumba kumi," nikasema.

Mzee akacheka mpaka akaweka kisu chini. Kabla ya safari, akasema, anapakwa asali mdomoni ili aseme matamu tu. Kisha picha inachomwa, naye anakwenda na moshi.

Asali ya dukani aliionja akaitema, sukari tupu. Nikampeleka kwa shangazi yangu, mfuga nyuki, Mkatoliki asiyekosa sala za jumuiya. Tulimkuta anapalilia karanga.

"Shikamoo," Mzee akaanza.

"Marahaba. Karibu, baba. Asali ya kula au ya dawa?"

Nikadakia mimi, mdomo mwepesi, kwamba ni ya kumpaka mungu wake. Shangazi akaegemea jembe.

"Mnamhonga?"

"Kidogo," Mzee akasema.

"Na huko juu hawajui?"

"Wanajua. Lakini kila nyumba inapaka."

"Sasa wewe mpishi tu, una nini cha kuficha?"

Mzee alitazama karanga. Kisha akasema, polepole, maneno akiyatafuta. Miezi michache nyuma mama yake alimpigia simu, yeye yupo pale pale jikoni, akimsihi arudi nyumbani. Yeye alikuwa na kazi nyingi, akamfokea, akakata. Hawakuongea tena. Mama akafariki, na hata mazishi hakuwahi. Kwao, mtoto kumvunjia mzazi heshima ni aibu isiyo na mfano.

"Hiyo asiseme," akamalizia.

Shangazi aliingia ndani, akatoka na chupa.

"Chukua. Lakini mimi nina wanangu Dar. Siku wakinifokea, sitaki wamzibe mtu mdomo. Nataka waniombe radhi."

Tukarudi kambini, maana safari ya mungu ilikuwa siku hiyo hiyo.

Alasiri ile, jiko likiwa limepoa, aliibandua picha, akaishika kwa mikono miwili, akaongea nayo kwa Kichina. Aliongea kwa muda. Kuna maneno aliyarudia. Mimi nilijifanya nasuuza sufuria iliyokwisha suuzwa.

Alipowasha kiberiti nikaona chupa bado imefungwa.

"Mzee, hujapaka."

"Leo anapeleka salamu kwa mama. Mdomo ukinata, atasemaje?"

Karatasi ikashika moto haraka. Aliishikilia juu ya karai hadi vidole vikaona joto, akaiachia, moshi ukatokea dirishani. Akakung'uta mikono, akaniambia nibandike maji ya wali.