Dakika Hamsini Nyumbani kwa Masanja

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi kule Soga, mwanangu Rehema, na kila nikiikumbuka najiudhi upya. Nakuandikia kwa sababu jana ulipokuja hapa Kibaha kunisalimia ulikaa kwenye kochi langu, ukafungua hicho kishikwambi chenu cha kazini, ukanionyesha kwa fahari kwamba umempa mama mmoja wa Mlandizi alama kumi na moja kati ya arobaini. Malezi yake umeyaandika kuwa hafifu. Nikakuuliza ulikaa kwake muda gani. Ukanijibu, "Nusu saa hivi, mama mkubwa, nilikuwa na kaya nyingine nne za kupitia." Jana nilinyamaza kwa sababu chai ilikuwa mezani na mumeo alikuwepo. Leo sinyamazi.

Nusu saa! Hata mchele wa kupikia wageni haujachambuliwa ukaisha kwa nusu saa, wewe umeshammaliza mzazi wa watu.

Sasa tulia nikueleze, na usiniambie zamani ilikuwa zamani. Nilikuwa na umri kama wako, nimetoka chuoni juzi tu, afisa ustawi wa jamii, sketi imepigwa pasi na faili liko kwapani. Shauri lilikuwa hivi. Mkulima mmoja wa Soga, Masanja, mwenye asili ya Kanda ya Ziwa na ng'ombe wachache, alikuwa amefiwa na mkewe. Aliachiwa binti wa miaka minne, Zuhura. Mama wa huyo marehemu, Bi Tatu wa Kisarawe, alimtaka mjukuu wake. Alisema mtoto wa kike hawezi kulelewa na mwanamume peke yake porini na ng'ombe. Masanja alisema mtoto ni wake na haendi popote. Wakafikishana kwa hakimu, na hakimu akaitaka ofisi yetu iende ikaone huyo baba analea vipi. Nikatumwa mimi.

Nilikuwa na fomu. Fomu nzuri, mwanangu, nakwambia kweli, ilitungwa na watu waliosoma. Je, mzazi anamtazama mtoto? Anamgusa? Anazungumza naye? Mtoto akilia, mzazi anaitikia? Kazi yangu ilikuwa kukaa kimya pembeni, kutazama, na kuweka alama ya vyema penye ndiyo na mkasi penye hapana. Chuoni tulifundishwa kwamba ukitazama vizuri, jicho halidanganyi. Nani alilitunga lile somo sijui, ila ningempata leo ningemkalisha chini.

Njia ya kwa Masanja sikuijua. Bi Tatu akaja ofisini mwenyewe, kajifunga khanga mpya, akasema, "Twende, binti yangu, mimi ndiye ninayepajua." Nikaona wema ulioje. Nikampandisha kwenye gari la ofisi, akakaa mbele na dereva, mimi nyuma na faili langu. Njia nzima tulizungumza habari za Kisarawe, kwa sababu kwao na kwetu ni jirani, unajua mwenyewe. Sikuhisi chochote. Nasema nisikie mwenyewe: sikuhisi chochote.

Tulifika saa nne. Masanja alikuwa uani, amechuchumaa, anamfunga Zuhura vifungo vya gauni. Aliponiona mimi alisimama akatabasamu. Alipomwona Bi Tatu anateremka garini, akamwacha mtoto palepale, akageuka, akaingia nyuma ya jiko. Alirudi baada ya kitambo amevaa shati la mikono mirefu, akamsalimia mkwewe kwa mbali, uso ameuelekeza pembeni, sauti haitoki. Bi Tatu akaitikia naye akitazama upande mwingine. Dada yake Masanja, aliyekuwa akiishi jirani, akatandika mkeka. Bi Tatu akakaa. Nikakaa. Masanja akaenda kusimama kule kwenye zizi.

Nikaanza kutazama. Baba hamsogelei mtoto, mkasi. Baba hazungumzi na mtoto, mkasi. Zuhura alimkimbilia mara mbili, na mara zote mbili alimrudisha kwa mkono bila kusema neno. Mkasi, mkasi. Kisha mtoto akajikwaa kwenye kigingi cha kamba ya mbuzi, akaanguka kifudifudi, akalia kilio cha kweli. Masanja alipiga hatua moja, akasimama. Akamwita dada yake, "Mchukue mtoto." Bi Tatu akawahi, akampakata, akampuliza goti, akamwimbia. Nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri kwamba mtoto akilia baba haitikii, na kwamba bibi ana upendo wa dhahiri.

Dakika hamsini. Nilikunywa maziwa waliyonipa, nikaaga, nikarudi Kibaha na Bi Tatu wangu garini. Ripoti yangu ilisema baba na mtoto hawana mafungamano. Mkuu wangu wa kazi alitia sahihi bila kuniuliza neno, na hilo nalo linaniudhi mpaka leo. Hakimu aliusoma muhtasari wake, akaamuru Zuhura akae Kisarawe kwa bibi yake mpaka siku ya kusikilizwa. Siku ya kusikilizwa ilikuja baada ya wiki nane.

Siku hiyo karani aliisoma ripoti yangu yote kwa sauti, vipengele vyote. Masanja alikuwa amekaa ameinamisha kichwa, Bi Tatu yuko benchi la upande wa pili. Nilidhani Bi Tatu atafurahi. Karani alipofika kwenye kilio cha mtoto, yule bibi akasimama bila kuitwa.

"Mheshimiwa, hapo sikubali," alisema. "Mtoto namtaka, na nitamlea. Lakini mkwe wangu asisingiziwe. Yule hakumbeba mwanawe kwa sababu mimi nilikuwepo. Mtu atambembelezaje mtoto mbele ya mama mkwe wake? Ningemwona hana adabu."

Hakimu akamwambia akae. Hakukaa. Alinigeukia mimi.

"Na wewe binti, si wa kwetu Kisarawe wewe? Baba yako alikuwa anawapakata mbele ya mama mkwe wake?"

Rehema, niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Babu yako, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa utani na wa kutubeba mabegani, mimi na mama yako. Lakini bibi yetu mzaa mama alipokuja kututembelea, baba alitokea mlango wa nyuma, alikula chumbani peke yake, na sisi watoto hakutugusa mpaka mgeni aondoke. Hatukuwahi kufikiri kwamba ameacha kutupenda. Tulijua mkwe yupo. Nilikua nalijua jambo hilo, nikaenda chuo nikiwa nalijua, na siku niliyolihitaji nilikuwa nimeshika kalamu nikitafuta mahali pa kuweka mkasi. Zaidi ya hapo, mkwe mwenyewe nimempeleka mimi, kwa gari la ofisi! Kwenye ripoti nzima sikuandika hata mstari mmoja kwamba Bi Tatu alikuwepo mkekani. Fomu haikuuliza.

Hakimu alitutazama wote, akafunga faili, akaamuru mtoto arudi kwa baba yake na uchunguzi ufanywe upya. Nilitumwa tena mimi, nafikiri ili nionje nilichopika. Safari hii nilikwenda peke yangu, siku moja baada ya mtoto kurudishwa. Nilijiandaa kumwona baba akimkumbatia mwanawe, niandike, niombe radhi, mambo yaishe.

Hayakuisha. Masanja alikuwa amepiga magoti uani, ameshika kikombe cha uji, anamwita, "Zuhura, njoo mama, njoo kwa baba." Mtoto alikuwa amejibana nyuma ya mlango, ameshika kitasa kwa mikono miwili. Aliita tena na tena, kwa upole, mpaka nikatamani anyamaze. Mtoto wa miaka minne, wiki nane kwake ni umri mzima. Alikuwa amejifunza kwamba baba ni mtu anayekuacha uende. Masanja aliuweka uji chini, akanitazama kwa mara ya kwanza usoni.

"Haya, dada," akasema. "Leo ndiyo andika. Leo ni kweli."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Sikuandika. Nilirudi wiki iliyofuata, na iliyofuata, na baada ya hapo, asubuhi mara nyingine na alasiri mara nyingine, nikikaa na dada yake kupukuchua mahindi. Nikamtuma na mwenzangu wa ofisini aende siku nisiyokwenda mimi, tukalinganisha, na maandishi yake na yangu hayakufanana hata nusu, ingawa nyumba ni ileile. Hapo ndipo nilipoacha kuamini kwamba jicho langu ni mizani. Ilichukua mpaka mvua za vuli ndipo Zuhura akalala tena mapajani mwa baba yake mbele yangu. Hakimu alimwachia Masanja mtoto, na Bi Tatu akapewa likizo za kukaa naye. Lakini ile miezi, mwanangu, haikurudishwa na hakimu yeyote. Niliichukua mimi kwa kalamu.

Kwa hiyo nisikilize, na usinijibu kwamba mfumo hauruhusu. Yule mama wa Mlandizi, rudi kwake kabla hujaituma hiyo ripoti. Rudi siku ya soko na siku isiyo ya soko. Uliza nani alikuwepo siku ile, nani aliyekupeleka, nani alikuwa chumbani anasikiliza, mtoto aliamka na homa au mama alikesha. Mtu anayepimwa hafanyi anavyofanya kila siku. Mwingine atajipamba kwa upendo kwa sababu umekuja, na mwingine ataganda kwa sababu hiyohiyo, na wewe kwa nusu saa hutajua yupi ni yupi. Ulichokiona kiandike mbali na unachokidhani, usivichanganye. Jiandike na wewe mwenyewe humo ndani, kwamba ulikuwepo, mgeni mwenye kishikwambi, na watu walikuona. Mtume mwenzako naye atazame kwa jicho lake, mkipishana mseme mmepishana. Na kama hujui, andika hujui. Kishikwambi kikikataa neno hilo, chukua karatasi, andika kwa mkono, ibandike juu ya ripoti, na bosi akifoka mwambie mama yako mkubwa ndiye aliyekufundisha.

Nimekukaripia kwa sababu kazi uliyoishika naipenda, na wewe nakupenda kuliko kazi. Mungu akupe miguu ya kurudi pale ulipokwisha kufika, akupe ujasiri wa kufuta ulichokiandika, na kila mtoto utakayemtembelea nyumbani kwao akukute umekuwa heri kwake. Amina, mwanangu. Kesho asubuhi panda gari la Mlandizi.