Maneno 163 Matamu ya Opereta Nikodemo

Saa moja na nusu asubuhi, kabla wakubwa hawajafika ofisini, Nikodemo Ndahani anavaa hedifoni na kupapasa ubao wa simu kutoka kushoto kwenda kulia. Kila waya uko mahali pake. Simu ya kwanza inaingia, kijipini cha kumjulisha laini inayoita kinachomoza chini ya kidole chake, naye anakuwa mtu mwingine kabisa.

"Habari za asubuhi. Nimwambie nani anapiga, na ni kuhusu nini?"

Sauti ni laini, haina haraka. Wapigaji wengi humdhania kijana mtanashati. Nikodemo ana miaka 51, na haoni tangu surua ilipompata akiwa na miaka minne. Kwa miaka 23 amekalia kiti hiki peke yake, katika chumba kidogo cha shirika moja la umma mjini Dodoma.

Chini ya meza ana boksi la viatu. Ndani mna kadi za karatasi ngumu, kila moja ina neno la Kiingereza alilolitoboa kwa nukta nundu, maandishi ya wasioona aliyojifunza utotoni katika shule ya Buigiri. Ziko 163. Kwake hayo ndiyo maneno yenye sauti nzuri kuliko yote aliyowahi kuyasikia kwenye simu.

Anazipitia kwa vidole, polepole, kama mtu anayeonja mchuzi.

"Lavender. Murmur. Nevertheless. Hili hapa, reservoir, nilipewa na bwana mmoja wa bwawa la Mtera. Alipiga kila Jumatatu kueleza kina cha maji. Alipohamishwa niliumia sana, na hata mkono sikuwahi kumpa."

Maana zake je? Hapo mzee anakuwa mbishi. Kiingereza cha kazini anakijua, ila neno geni likimpendeza haulizi mtu.

"Ukishaambiwa maana, husikii tena neno, unasikia kitu. Vitu nilivikosa tangu utotoni. Niachieni sauti."

Mwaka jana, 1994, wapigaji kutoka Dar es Salaam walianza kumtaka meneja mara kwa mara. Alipouliza ni kuhusu nini, walimjibu kwa neno moja: redundancy. Alilipenda siku ileile.

"Linaanza taratibu, halafu linapanda kidogo mwishoni, kama mtu anayekuita ukale," anasema. Likawa kadi ya 163. Naye akaendelea kuwaunganisha, simu baada ya simu.

Machi mwaka huu ikaja barua. Devota, karani wa masijala, ndiye humsomea barua zake, na hii aliisoma kwa Kiingereza kama ilivyoandikwa.

"Alipofika kwenye neno lile nilitabasamu," anasema Nikodemo. "Nikamwambia, hilo ninalo, dada. Akanyamaza. Nikajua kuna jambo, maana Devota si mtu wa kunyamaza."

Devota akamweleza kuwa maana yake ni kupunguzwa kazi. Shirika linauzwa, simu mpya zitaingia moja kwa moja kila chumba, na tarehe 30 Juni ubao utang'olewa. Wanaoondoka ni 38.

"Aliniomba nilitamke tena," anakumbuka Devota. "Nikalitamka. Nililia mimi, yeye hakulia."

Alimshauri aichane ile kadi. Nikodemo alikataa.

"Neno halina kosa. Bado ni zuri, na ndiyo maana linaniuma. Mimi ndiye niliyewaunganisha."

Anaishi Mkonze, nje kidogo ya mji, katika chumba kimoja. Mkewe, Edina, alifariki mwaka 1989, na hawakujaliwa mtoto.

"Mchana naongea na watu mia mbili," anasema. "Jioni nafunga mlango, naongea na sufuria. Sasa hao mia mbili wanaondoka. Naogopa, sikufichi."

Kwa sehemu ya kiinua mgongo chake anataka kuvuta laini ya simu nyumbani. Nguzo za simu hazijafika mtaani kwake, na foleni ya waombaji ni ya miaka. Hata hivyo Devota ameshamjazia fomu.

Mwandishi anamuuliza atampigia nani.

"Sina wa kumpigia."

Na nani atampigia yeye? Mzee anaweka vidole vyake juu ya boksi.

"Watu hukosea namba, mwanangu. Kila siku wanakosea, nawajua. Mmoja akikosea akaniangukia mimi, sitakata. Nitamuuliza ni kuhusu nini."