Minyaa Niliyoichomeka Siku ya Mnada

Kwa miaka mingi mpaka wa wilaya mbili ulipita kati ya nyumba ya dada yangu na choo chake. Watu wa kwetu walikuwa wakifanya utani kwamba bibi yule huamka wilaya moja na kujisaidia wilaya nyingine, na kwamba iko siku ataulizwa kibali cha kusafiri. Mimi sijawahi kuucheka utani huo. Aliyeupitisha mpaka hapo ni mimi.

Kijiji chetu kiko upande wa Sepuka, mkoani Singida. Ni nchi tambarare yenye mawe makubwa ya kijivu yaliyopandana, kama mtu aliyapanga akachoka akaondoka. Katikati ya mawe tunalima uwele, mtama na alizeti. Chini kuna mbuga ya udongo mweusi, na pembeni mwa mbuga kuna kisima kimoja ambacho hakikauki. Kisima hicho ndicho kilichonitoa akili.

Zamani mipaka ya huku ilikuwa ya koo. Watu wawili wakikubaliana, walikata vipande vya mnyaa wakavichomeka kwenye mstari, na hapo maneno yakaisha. Mnyaa ni mti usiokufa ovyo. Mbuzi hawauli kwa sababu ya utomvu wake mkali, na ukame hauuwezi. Tulipohamishiwa vijijini, mstari wa koo mbili ukawa mpaka wa vijiji viwili. Baadaye ikatangazwa kwamba wilaya itagawanywa, kijiji chetu kibaki huku na cha jirani kiende wilaya mpya. Mstari wa babu zetu ukawa unasubiriwa na serikali.

Niliteuliwa katibu wa kamati ya mipaka ya kijiji kwa sababu nilikuwa na kidato cha nne na mwandiko mzuri. Kidato cha nne kilinifundisha kusoma ramani. Kingine nilichotoka nacho shuleni ni imani kwamba kila anayeniambia jambo ana jambo jingine amelificha. Mtu akinisalimia kwa furaha, nilijiuliza anataka nini. Asiponisalimia, nilijiuliza amefanya nini.

Kisima kilikuwa upande wao, hatua chache kupita minyaa. Ng'ombe wetu walikunywa pale tangu utoto wangu na hakuna aliyewahi kuwafukuza. Lakini wilaya mpya ilipotajwa, vijiweni wakaanza kusema kwamba wale jamaa watakizungushia miiba, na kwamba kupeleka ng'ombe wilaya nyingine kutahitaji karatasi. Sikumwuliza mtu yeyote wa kule kama ni kweli. Ningewezaje kuuliza? Niliamini wangenidanganya.

Na kule nilikuwa na mtu wa kumwuliza. Dada yangu aliolewa huko. Mume wake alikuwa mtu mpole wa mizinga ya nyuki, na shamba lake alilopewa na baba yake lilikuwa kati ya nyumba yake na ile minyaa. Siku moja alikuja kwangu na kidumu cha asali.

"Shemeji," akaniambia, "ile minyaa yetu inamezwa na vichaka. Twende mimi na wewe tukaisafishe, wapimaji wakija waione."

"Haraka ya nini? Wapimaji hata tarehe hawajasema."

"Wakija ghafla je? Watapima vichaka?"

Akacheka. Mimi nikacheka naye, huku nikiwaza: asali ya nini, na kusafisha kwa nini sasa? Nikaamua kwamba anataka kuisogeza minyaa kuelekea kwetu, na ananitaka nishike panga ili baadaye nisiwe na la kusema. Asali niliila yote. Kwenda sikwenda.

Nilikwenda peke yangu, asubuhi ya mnada wa Sepuka, wakati vijiji vyote viwili vilikuwa vimehamia mnadani na ng'ombe na mbuzi wao. Mvua za kwanza zilikuwa zimeshanyesha. Nilikata minyaa ya mpaka, mmoja baada ya mwingine, nikachimbua visiki, nikafukia mashimo. Kisiki kimoja kilikuwa kimejikaza ndani ya ufa wa jiwe, jembe halikufika, nikakikata hadi usawa wa jiwe nikamwagia udongo. Kisha nikabeba vipande hadi ng'ambo ya kisima na ya shamba la shemeji, nikavichomeka kwa mstari ulionyooka, nyuma kabisa ya nyumba ya dada yangu. Dada hakuwa mnadani. Nilidhani yuko.

Nikiwa namalizia, utomvu ukanirukia jichoni. Anayeujua utomvu wa mnyaa anajua kwamba mtu hubaki hapo akipapasa kama kipofu. Nililia. Dada akatoka ndani, akanishika mkono, akaniketisha kwenye kigoda, akaniosha jicho kwa maziwa ya ng'ombe, mara tatu. Ndipo akauliza:

"Kaka, unafanya nini huku siku ya mnada?"

"Nakata miti ya kujengea zizi."

"Zizi la minyaa?"

"La ndama."

Akaliangalia panga langu, jeupe kwa utomvu. Akanipa uji, nikanywa, nikaondoka. Njia nzima nilikuwa nikimshuku: ataniuza kwa mumewe au hataniuza?

Minyaa ilishika. Mvua ya mwaka ule ilikuwa nzuri kuliko nilivyostahili. Wapimaji walipokuja baada ya mavuno, mstari wangu ulikuwa wa kijani na umenenepa. Aliyeongoza alikuwa kijana wa mikoa ya mbali, na mnyaa kwake ulikuwa mti tu. Utaratibu ulikuwa kwamba kila kijiji kitoe mzee mmoja, watembee pamoja mbele ya watu na kuuonyesha mpaka, na neno la hao wawili liwe la mwisho. Wazee wa kule walimtoa shemeji, na wa kwetu wakanitoa mimi, kwa sababu walijua shemeji hawezi kumkana ndugu wa mkewe hadharani. Huku kwetu aibu hiyo ni kubwa kuliko shamba. Na mimi nilijua hilo. Nililiweka kwenye hesabu yangu.

Tulipofika nyuma ya nyumba yake nikanyoosha mkono. "Mpaka ndio huu."

Shemeji aliiangalia minyaa ile yote yenye kimo kimoja. Akagusa mmoja kwa kidole.

"Shemeji, minyaa hii imeota vizuri," akasema.

"Ardhi ya huku nzuri."

"Naona."

Kijana akamwuliza: "Mzee, unakubali?" Shemeji akanitazama, akaitazama nyumba yake. Kisha akaweka dole gumba kwenye karatasi. Nikaona upole huo ni ujanja. Nikarudi nyumbani nikisubiri mtego wake, na nikausubiri hadi alipokufa. Hapakuwa na mtego.

Kilichokuwepo ni usumbufu mdogomdogo, usioisha. Dada akitaka barua ya utambulisho, mtendaji wa kule anamwambia shamba lako liko kwa wenzetu, nenda. Mtendaji wa kwetu anamwambia nyumba yako haiko kwetu, rudi. Mbolea ya ruzuku haikumfikia, kwa kuwa daftari linataka mkulima na shamba lake wawe kijiji kimoja. Na kile kisima? Watu wa kule waliendelea kuteka maji, ng'ombe wetu wakaendelea kunywa, kama zamani. Hakuna aliyeleta miiba.

Mwaka huu wamekuja wapimaji wengine, wa mpango wa matumizi ya ardhi. Vijana wa serikali ya kijiji chetu wameandika kwamba kipande chote cha kutoka mbuga hadi minyaa yangu kiwe malisho ya kijiji. Shamba la dada liko humo. Ni mjane, na hana jingine. Mzee pekee aliye hai aliyetembea mpaka ule ni mimi.

Mwenyekiti wetu alinijia nyumbani na sukari kilo mbili.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Sukari ya nini?"

"Salamu tu. Kesho kutwa utauonyesha mpaka. Wewe sema ulichosema zamani, basi."

"Na nikisema kingine?"

Akacheka, lakini macho yake yakabaki palepale. "Kingine kipi, mzee?"

Nilitazama ile sukari nikakumbuka asali. Asali ile ilikuwa asali tu. Hii ilikuwa na kazi. Miaka yote nilijiona hodari wa kunusa hila, na wito mmoja uliokuja kwa moyo mweupe, ule wa twende wote wawili tukasafishe, ndio nilioukimbia, nao haukuwa na hila yoyote.

Siku ilipofika sikwenda nyuma ya nyumba ya dada. Niliwapeleka wote mbugani, nikapiga magoti kwenye lile jiwe lenye ufa, nikaanza kuchimbua udongo kwa kijiti. Nikawaambia mpaka ulikuwa hapa, na ule mwingine niliuchomeka mimi mwenyewe, na aliyeweka dole gumba aliweka kwa heshima.

Nilidhani watanikasirikia. Walifanya zaidi, hawakuniamini.

"Mzee amelishwa huko," akasema mmoja wa kwetu.

"Amepewa mbuzi wangapi?"

"Mwacheni, ni uzee."

Na wa kule nao wakasogea kando wakinong'ona. Nilimsikia mama mmoja: "Mtu yule? Aseme kweli bure? Angalieni vizuri, kuna kitu anakitafuta." Sikuweza kumlaumu. Ndivyo ambavyo ningesema mimi.

Kwenye ufa palionekana kisiki cheusi, na pembeni yake kichipukizi chembamba kama kidole. Afisa, mama wa makamo mwenye kofia pana, akainama akakipiga picha. "Mnyaa mmoja hauwezi kuwa mpaka," akasema. "Baba, kuna shahidi yeyote?"

Nikasema hakuna, nilikuwa peke yangu.

"Yupo," dada akasema. Alikuwa amesimama nyuma ya watu na fimbo yake. "Siku aliyoichomeka utomvu ulimwingia jichoni. Mimi ndiye niliyemwosha kwa maziwa. Panga lake lilikuwa jeupe. Alisema anajenga zizi la ndama, na mwaka ule hakuwa na ndama hata mmoja."

Watu wakacheka, hata mwenyekiti wetu. Kicheko hicho ndicho kilichoandikisha mpaka, kuliko maneno yangu. Siku chache baadaye vijiji viwili viliweka sahihi, wa kwetu wakinung'unika, na sahihi zikapelekwa wilaya zote mbili. Shamba la dada limerudi upande wa nyumba yake.

Siku ile, watu walipotawanyika, nilimfuata.

"Ulijua tangu wakati ule?"

"Nilijua."

"Na mumeo?"

"Nilimwambia jioni ileile. Akasema nisikuulize tena, maana ukiulizwa utaapa, na ukishaapa hutaweza kurudi nyuma."

Akaanza kwenda, kisha akageuka.

"Ile minyaa ya nyuma ya nyumba uje uing'oe mwenyewe. Na uvae miwani, kaka. Maziwa siku hizi sina."